Mlinzi Yuko Getini, Sisi Tuko Ndani

Hospitali niliyofanyia kazi kwa miaka mingi ilikuwa na geti la chuma, walinzi wenye sare, kamera na ukuta mrefu, na wauguzi waliendelea kupigwa. Pesa za ulinzi hazikukosekana, ila zilikwenda kulinda vitu. Mlinzi wa geti kuu alikuwa hodari wa kukagua mikoba ya wanaotoka, asije mtu akaondoka na mashuka ya wodini au akatoroka bili. Wanaoingia aliwapungia mkono. Kamera zilitazama stoo ya dawa, dirisha la malipo na maegesho ya wakubwa. Hakuna hata moja iliyotazama korido ndefu ya kwenda wodi ya wanaume, ambako usiku muuguzi mmoja hubaki na wodi nzima na mlango ambao kitasa chake kilishakufa.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia idara ya dharura. Nimepita pia wodi ya magonjwa ya akili, na baadaye nikawekwa kuwawakilisha wauguzi kwenye kamati ya usalama kazini. Nafasi hiyo ilinifikia baada ya mwenzetu kuvunjwa taya na ndugu wa mgonjwa. Aliyependekezwa kabla yangu alikataa palepale, akasema kamati ni mahali pa kuahirishia mambo. Hakuwa mbali na ukweli. Lakini kamati ilinipa kitu ambacho muuguzi wa kawaida hakipati: ruhusa ya kufungua mafaili ya matukio ya hospitali nzima.

Nikayakuta karibu matupu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya asilimia 8 na 38 ya wafanyakazi wa afya hushambuliwa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi, wengi zaidi hutishiwa au kutukanwa, na wanaofanya hivyo mara nyingi ni wagonjwa wenyewe na watu waliokuja kuwaona. Kwa mujibu wa mafaili yetu, sisi tulikuwa tunahudumia malaika. Ungekaa chumba cha kubadilishia nguo robo saa tu ungesikia habari nyingine: huyu kang'atwa mkono akimwekea mgonjwa dripu, yule kasukumwa ukutani, mwingine kavutwa nywele na mgonjwa wa kichwa, na dada mmoja wa wodi ya wazazi alifuatwa hadi kituo cha basi na mume wa mgonjwa. Hakuna lililoandikwa. Baadaye nikasoma utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, ambao uliwauliza wafanyakazi wa mtandao mmoja wa hospitali kuhusu ukatili waliofanyiwa, kisha ukalinganisha majibu yao na kumbukumbu za mwajiri. Asilimia 88 ya waliokumbana nao hawakuwa wameingiza hata tukio moja kwenye mfumo wa kumbukumbu. Nikaona kumbe tabia hii haina mipaka.

Sababu ya sisi kutoandika nilikuwa naijua bila kuuliza. Fomu ilikuwa na kurasa nne, ikihitaji saini ya msimamizi wa wodi na ya mkuu wa idara, na katikati yake palikuwa na swali: "Eleza ulichofanya kabla ya kushambuliwa." Muuguzi amesimama zamu nzima, shavu linamuuma, watoto wanamsubiri, halafu unampa karatasi inayomtaka ajitetee. Ataikunja.

Jambo la kwanza tulilopigania, basi, halikuwa kamera wala walinzi wa ziada. Tulipigania nusu ukurasa. Lini, wapi, nani (mgonjwa, ndugu, mfanyakazi mwenzako au mtu baki), umeumia au hukuumia, na sanduku moja lenye maneno "Nini kilitangulia?" Saini yako peke yako inatosha. Daftari likakaa mezani kituo cha wauguzi, siyo kwenye kabati la ofisi inayofungwa jioni. Uongozi uliogopa kwamba takwimu zitapanda na hospitali itaonekana mbaya. Zilipanda kweli, tena haraka, na kikao kimoja kizima kiliisha kwa kubishana kama tumeleta usalama au tumeleta aibu.

Lile sanduku la "Nini kilitangulia?" ndilo lililotufundisha karibu kila tunachokijua leo. Nilikuwa nimedhani, kama wengi, kwamba hatari inaingia na walevi usiku wa manane. Walevi walikuwamo. Lakini daftari lilionyesha mambo ambayo hatukuyatazamia. Matukio mengi yalizunguka dakika za makabidhiano ya zamu, wakati wauguzi wote tunapojifungia chumbani kusomeana hali za wagonjwa na wodi inabaki haina macho. Mengine yalitokea pale kengele ya kumaliza muda wa kuona wagonjwa inapolia, au mara tu baada ya mtu kuambiwa "hapana": hakuna kitanda, huwezi kuingia, daktari hayupo. Na mengi mno yalitokea mikono yetu ikiwa juu ya mwili wa mgonjwa, tukimwogesha, tukimgeuza, tukimchoma sindano.

Kubwa kuliko yote lilikuwa kusubiri. Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo nilipobadilisha mawazo yangu kuhusu maana ya ulinzi wa hospitali.

Idara ya dharura haiendi kwa foleni. Anayekufa hupita mbele ya anayeumwa. Kwetu hilo ni la kawaida mno hata tunasahau kwamba aliyekaa kwenye benchi halijui. Yeye anaona amefika saa mbili usiku, na mtu aliyefika saa nne ameshaitwa. Anaona wauguzi wakipita mbio na hakuna anayemtazama usoni. Dakika zinavyokwenda ndivyo anavyojitungia maelezo: wanajuana, wametoa kitu kidogo, wanatudharau. Usiku mmoja kijana mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake kwa jinsi alivyovaa, alisimama mbele ya dirisha la mapokezi, akaanza kugonga kioo kwa pete yake. Hakupiga kelele. Aligonga tu, polepole, bila kuacha. Nilitoka nikapita mlango wa pembeni.

"Kaka, unamsubiri nani?"

"Mama. Mmemwingiza mlango ule tangu saa tatu. Kama amekufa niambieni."

Mama yake alikuwa hai. Alikuwa chumba cha ndani, ana mashine ya kumsaidia kupumua, na madaktari wawili hawajatoka kwake tangu alipofika. Yaani alikuwa anapata huduma bora kuliko mgonjwa yeyote usiku ule, na mwanawe alikuwa hatua moja kabla ya kuvunja kioo kwa sababu hakuna aliyekumbuka kutoka na kumwambia. Nilimwambia nilichokijua, nikamwambia pia nisichoweza kumwahidi, na kwamba nitarudi kwake kabla ya nusu saa hata kama hakuna jipya. Aliketi. Nilirudi. Alikuwa bado amekasirika, lakini pete ilikuwa imetulia.

Waingereza walilifanyia kazi jambo hili kwa namna iliyonivutia sana. Kuanzia mwaka 2011 wizara yao ya afya na taasisi ya Design Council waliwapa wabunifu kazi ya kupunguza vurugu katika idara za dharura. Wengi tungetazamia vizuizi na vioo vya risasi. Wao walikuja na mabango. Bango la kueleza hatua ulipo sasa, kwa nini kuna kusubiri, na kwa nini aliyefika baada yako anaweza kutangulia. Mabango hayo yakawekwa kila chumba, hata darini juu ya kitanda cha mgonjwa aliyelala chali. Katika hospitali za majaribio, tabia za vitisho zilipungua kwa asilimia 50. Niliileta kamatini habari hiyo. Mhasibu wetu, ambaye kwa kawaida hupinga kila kitu, aliuliza mara mbili kama ni mabango matupu kweli.

Mabango yetu yalichelewa, kama vitu vyote vya zabuni. Tukaanza na mdomo. Kila nusu saa muuguzi mmoja anasimama mbele ya mabenchi na kusema kwa sauti ya kusikika: "Jamani, samahanini kwa kusubiri. Wameingia majeruhi watatu wa ajali, madaktari wako nao. Kwa sasa, mwenye hali ya kawaida atasubiri kama saa mbili. Mgonjwa wako akibadilika, njoo dirishani usisubiri kuitwa." Basi. Haichukui dakika moja. Wenzangu wengine waliona ni kazi juu ya kazi, na zipo zamu ambazo kweli hakuna mtu wa kusimama. Lakini zamu zilizofanya hivyo ziliandika machache kwenye daftari, na mlinzi wa mapokezi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutukumbusha nusu saa ikipita.

Kuna kosa jingine ambalo walinzi hulifanya wakiachwa peke yao, na sisi pia tukiwa tumechoka: kumchukulia kila mkorofi kuwa ni mkorofi. Mwanamume mmoja aliletwa na majirani akiwa anarusha ngumi na kutukana matusi ambayo sitayaandika. Jasho limemlowanisha shati hadi limemganda mgongoni, macho yanatazama pasipo na mtu. Walinzi wakasema mlevi huyu, mtoeni akalale nje hadi kukuche. Muuguzi aliyekuwa zamu, mwembamba kuliko sisi sote, akawaambia wamshike mkono mmoja tu, akamchoma kidole. Kipimo cha sukari kikasoma 1.6. Chini ya 4 tayari unaanza kushughulika; kwa 1.6 ubongo unakosa chakula. Akapata mshipa kwa shida, glukosi ikaingia, na dakika chache baadaye mtu yule yule akawa anatutazama mmoja mmoja kwa woga, anauliza yuko wapi na kwa nini shati limechanika. Alikuwa mgonjwa wa kisukari, fundi cherehani. Angetolewa nje asingeiona asubuhi.

Tangu hapo sheria yetu ya idara ni kwamba hakuna mtu anayetolewa kwa vurugu kabla hajapimwa sukari, oksijeni na joto, na kutazamwa kichwa kama kimegongwa. Wodini orodha inaongezeka: mzee aliyekuwa mpole mchana akaanza kupiga watu usiku huenda ana maambukizi, au mpira wa mkojo umekunjika chini ya paja na kibofu kimejaa hadi kitovuni. Ukiunyoosha mpira, umemaliza vurugu. Mlevi wa siku zote aliyelazwa kwa mguu uliovunjika ataanza kutetemeka na kuona vitu siku ya pili au ya tatu kwa sababu pombe imekatika ghafla mwilini, na hapo anahitaji dawa, tena ya haraka.

Kwenye wodi ya magonjwa ya akili nilijifunza kipimo kidogo kilichotengenezwa Norway, kinachoitwa Brøset. Kina mambo sita tu unayomtazamia mgonjwa kila zamu: kuchanganyikiwa, wepesi wa kukasirika, makelele na vurugu, kutishia kwa maneno, kutishia kwa vitendo, na kushambulia vitu. Kila kilichopo ni alama moja, na jumla inakupa picha ya hatari ya saa 24 zijazo. Mgonjwa akipanda kutoka sifuri hadi mbili, unapanga mapema nani atamhudumia, chumba gani, dawa gani anaikubali kwa mdomo. Uzuri wake mwingine haukutajwa na aliyenifundisha: kinamlazimisha muuguzi wa asubuhi kumwambia wa jioni kitu kinachoeleweka, badala ya lile la "leo yule wa kitanda cha pembeni simwelewi."

Sasa nije kwenye vifaa, maana sitaki ionekane nadharau vifaa.

Chini ya meza ya kituo cha wauguzi palikuwa na kitufe chekundu. Kilikuwepo kabla sijaajiriwa. Kila mgeni alionyeshwa: ukiona hatari, bonyeza. Wajumbe wa kamati tulikubaliana tukibonyeze saa nane usiku, bila kumwambia mtu, tuone. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena kwa kidole gumba hadi kucha ikabadilika rangi. Baada ya kusubiri tukaanza kuufuata waya. Ulipita nyuma ya kabati, ukatoboa ukuta, ukaenda mpaka chumba cha simu, ambako taa ndogo ilikuwa inawaka na kuzima kwa uaminifu kabisa juu ya dawati la mtu anayetoka kazini saa kumi jioni. Taa yenyewe ilifunikwa na kalenda.

Kitufe kikahamishiwa kibanda cha walinzi, kikafungwa king'ora, na wodi za mbali zikapata filimbi hadi hapo pesa zitakapopatikana za vitufe vya kuvaa. Filimbi ilichekwa sana. Haihitaji umeme, na mtu aliyekabwa pembeni ya kitanda hawezi kufika mezani. Tunafanya jaribio kila mwezi na kuandika imechukua muda gani mlinzi kufika. Jaribio la kwanza mlinzi alikwenda wodi isiyo yake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumtembeza ndani ya hospitali anayoilinda.

Vyumba vyenyewe navyo vilikuwa vimepangwa na mtu asiyewahi kukimbia. Kwenye chumba cha kuhojia wagonjwa meza ilikuwa karibu na mlango na kiti cha muuguzi ukutani, kwa hiyo mgonjwa alikuwa kati yako na njia ya kutokea. Tuligeuza. Mlango uliokuwa ukifunguka kwa ndani ukarekebishwa ufunguke kwa nje, ili mtu asijifungie na wewe kwa kuweka kiti. Stendi za dripu zisizotumika zikatolewa, mikasi ikatoka mifukoni, na kamba za vitambulisho zikabadilishwa kuwa zile zinazokatika zenyewe zikivutwa. Stetoskopu shingoni tumeambiana wee, lakini ukipita wodini utaikuta bado shingoni. Madaktari ndio wabishi zaidi.

Kuhusu kusimama mbele ya mtu mwenye hasira, hili nililijifunza kwa mzee mmoja wa ulinzi aliyekuwa karibu kustaafu, na yeye sijui alilijifunza wapi. Alikuwa hasimami uso kwa uso. Alisimama upande, hatua mbili nzuri, viganja wazi, na la kwanza alilolitafuta lilikuwa kiti. "Sista," aliniambia, "mtu akikubali kukaa, nusu ya ugomvi umekaa naye." Hakuwahi kumwambia mtu atulie. Alimuuliza jina, akamwita kwa jina, akamwachia amalize. Walinzi vijana walimwona mzembe kwa sababu hakukunja mikono ya watu. Nilipendekeza awafundishe wauguzi na walinzi pamoja, chumba kimoja, na hilo likageuka kuwa mafunzo bora kuliko yote tuliyowahi kupewa na wataalamu wa nje wenye mashine za kuonyesha picha ukutani. Pamoja tulikubaliana nani anaamuru: mgonjwa ni wa muuguzi, kwa hiyo mlinzi hamgusi mpaka muuguzi aseme, isipokuwa mtu ameshaanza kuumizwa. Bila makubaliano hayo mlinzi anaingia na rungu kwenye mazungumzo yaliyokuwa yanaelekea kuisha, na yanaanza upya, vibaya zaidi.

Mageti ya kugundua chuma nayo tuliyajadili. Visu vinakamatwa, siwezi kukataa. Lakini yanataka watu wa kuyasimamia saa zote, yanaongeza foleni mahali ambapo foleni ndiyo inayoleta hasira, na ngumi na mateke yanapita bila kulia. Sisi tulichagua mlango mmoja wa kuingilia usiku badala ya minne, na ndugu mmoja kwa kila mgonjwa. Kila mtu alilalamika. Bado naona tulichagua vizuri.

Kuna mlango ambao hakuna mlinzi anayeulinda, nao ni ule wa mwenye sare kama yako. Mwezi Novemba 1973, katika hospitali ya King Edward Memorial huko Mumbai, muuguzi Aruna Shanbaug alivamiwa alipokwenda kubadilisha nguo baada ya kazi, akanyongwa kwa mnyororo wa mbwa na kubakwa. Aliyemvamia alikuwa mfanyakazi wa usafi wa hospitali hiyo hiyo. Ubongo ulikosa damu na hakuwahi kurudia fahamu zake kamili. Mshambuliaji alihukumiwa kwa wizi na kujaribu kuua, akafungwa miaka saba. Ubakaji haukuwemo kwenye hukumu. Aruna alibaki kitandani zaidi ya miaka 41, hadi alipofariki Mei 2015, na waliomwogesha, kumlisha na kumgeuza miaka yote hiyo ni wauguzi wa hospitali ile, kizazi baada ya kizazi. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa aliposhambuliwa.

Niliposimulia habari hiyo kamatini, mjumbe mmoja alisema hiyo ni India na ni zamani. Nikamwomba twende pamoja kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo. Kiko mwisho wa jengo, nyuma ya chumba cha mashine, taa moja, na komeo liko upande wa nje. Alilishika lile komeo, akalisukuma huku na huku, hakusema kitu. Wiki ileile fundi alikuja.

Daftari letu lilipoanza kuaminiwa, ndipo nayo habari za ndani zilipotoka: mkono wa daktari mkubwa kwenye kiuno cha mwanafunzi wa uuguzi, mhudumu anayemsubiri dada fulani stoo, msimamizi anayepanga zamu za usiku kama adhabu kwa aliyemkataa. Hizi ni ngumu kuliko ngumi za ndugu wa mgonjwa, kwa sababu anayelalamikiwa mara nyingi ndiye anayetakiwa kuishughulikia taarifa. Tulifungua njia ya pili, kupeleka taarifa kwa mtu wa nje ya idara, na tumepata vita nyingi kwa hilo. Siwezi kusema tumezishinda.

Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2021, umetusaidia kwenye mabishano. Unahusu ukatili na unyanyasaji katika ulimwengu wa kazi, na ukiusoma ibara ya 3 utaona hauishii mezani pa kazi. Unataja vyoo, mahali pa kuoga na kubadilishia nguo, mahali pa kupumzikia na kulia, malazi yanayotolewa na mwajiri, na safari ya kwenda na kurudi kazini. Yule dada wa wodi ya wazazi aliyefuatwa hadi kituo cha basi alikuwa ameambiwa kwamba akishatoka getini siyo jukumu la hospitali. Tuliipeleka ibara hiyo kwa mkurugenzi. Sasa zamu ya jioni inaisha mapema kidogo, kabla magari hayajakatika, na wanaotoka usiku husindikizwa kwa kikundi.

Kinachofuata baada ya mtu kupigwa nacho tulikuwa tunakifanya vibaya. Swali la kwanza la mkubwa lilikuwa "Ulimwambia nini?" Halafu: pole, ndiyo kazi, rudi wodini, hatuna wa kukupokea. Tumebadilisha mpangilio. Kwanza anatolewa kwenye zamu, hata kama sisi tutabaki pungufu. Pili anatibiwa kama mgonjwa, na faili lake, siyo kupakwa dawa kwa kujificha nyuma ya pazia. Kama ameng'atwa hadi ngozi ikatoboka, au damu ya mtu imemwingia machoni au kwenye kidonda, anaosha hapo hapo na uamuzi wa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU unafanyika mara moja, kwa sababu zikishapita saa 72 hazianzishwi, na zikianza ni siku 28. Chanjo ya homa ya ini B inaangaliwa kama ilikamilika. Nimeona wauguzi hodari, wanaowapa wenzao maelekezo haya kwa ufasaha, wakijifunga bandeji wenyewe na kurudi kugawa dawa.

Watu huniuliza sana kuhusu sheria kali. Uingereza wana sheria ya mwaka 2018 ya kuwalinda wafanyakazi wa dharura, na adhabu ya kuwashambulia iliongezwa mwaka 2022 kutoka miezi 12 hadi miaka 2 jela. Naunga mkono sheria hizo. Zinamfanya polisi aje na mwajiri aandike. Lakini lile bango la "Kumshambulia mfanyakazi ni kosa la jinai" ukutani husomwa na waliotulia. Aliyeshuka sukari hasomi, na mtoto anayeogopa mama yake amekufa hasomi.

Kilichobaki mezani kwa sasa ni kile ambacho hakuna kamati inayopenda kukigusa, nacho ni idadi. Muuguzi mmoja usiku kwa wodi nzima hawezi kuacha wagonjwa akasindikizwe, hawezi kuwa na mwenzake wakati wa kumwogesha mgonjwa anayepiga, hawezi kusimama mbele ya mabenchi kila nusu saa, na akipuliza filimbi hakuna wa kumbadilisha hadi asubuhi. Tumeomba wawili kwa kila wodi usiku, tukaambatanisha kurasa za daftari zenye saa na mahali. Mhasibu ameshaomba nakala yake. Kikao cha bajeti ni mwezi ujao.